Herufi za Jiwe la Nyanyako

Mjukuu wangu Chebet,

Natumaini baridi ya huko haijakushinda. Hapa Kapseret mvua imeanza, yule ng'ombe wako mweusi amezaa ndama wa kike, na mamako anakusalimia.

Umeuliza kama jiwe la kaburi la nyanyako tuliandike kwa zile herufi za kompyuta zinazofanana na mwandiko wa mtu. Nikiwa kijana nilikuwa nachora mabango, na nyanyako akanipa kazi ya kuandika ubao wa hoteli yake ya chai pale mtaa wa West Indies. Nilipanga herufi kwa rula, zikasimama kama askari. Watu wakawa wanachungulia tu mlangoni, wakidhani ni ofisi. Akaninyang'anya brashi, akaongeza chini kwa mkono wake, herufi zimelegea, moja imeegemea nyingine: "Chai iko." Jioni hiyo viti havikutosha.

Jina lake liandike kwa herufi zilizosimama, mgeni asihangaike kulisoma. Lakini sisi wa nyumbani tunataka kuitwa, kama alivyowaita wateja wake. Ule ubao bado ninao. Nitakutumia picha, fundi achonge yale maneno mawili chini ya jina, vile mkono wake ulivyoyaacha.

Ni mimi babu yako.