Koti la Mama la Kanisani

Jumanne

Kumbe koti la Mama ni la mwanamume. Nimejua leo darasani, mwalimu aliposema Wazungu huweka vifungo vya wanaume kulia na vya wanawake kushoto. Na Mama amelivaa kanisani tangu alinunue kwa mitumba.

Wasiwasi wangu ulikuwa kesho. Ni zamu yangu kueleza darasa historia ya vazi moja, na sikuwa na vazi.

Jioni Mama alipotoka maombi nikamwambia mambo ya vifungo, nikidhani ataona aibu. Akaingiza mikono mifukoni akatoa Biblia, simu, funguo na avokado mbili.

"Ndiyo maana," akasema. "La shangazi yako ni la kike, halibebi hata peremende."

Kesho naenda na koti. Avokado moja nimekula.