Mama, Uliyelipigania Jicho la Baba

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu utuache, na bado tukiingia nyumbani tunaita "Mama!" kabla hatujavua viatu. Kisha tunakumbuka.

Wodi ya macho walikuita Dakika Tano, maana aliyechelewesha dawa ya mgonjwa kwa dakika tano ulimjia juu, awe muuguzi mwenzako au daktari bingwa. Sisi nasi hukutusaza. Hakuna aliyepikicha jicho mbele yako akabaki salama.

Kisha likaja la Baba, mchora mabango wako. Alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kinyama kilichoota jichoni, na baadaye vijidudu vikaingia kwenye weupe wa jicho, ule ukuta wake wa nje, vikagoma kutoka. Dawa zikabadilishwa mara mbili, sehemu iliyooza ikakwanguliwa, wapi! Daktari akasema huenda jicho likatolewa. Baba aligeukia ukutani, akakataa chakula. Wewe ulichukua likizo yako yote ukamtia matone kila saa, kutwa nzima, umemshika kidevu.

"Tazama juu, mzee wangu. Usilibane, sikuja kuliiba."

Likizo ilipoisha uliomba kubadilishiwa zamu, ukaendelea. Mwezi wa tatu wa matibabu jicho likapona.

Sasa Baba ametuomba tukiri kwa niaba yake, mbele za watu. Siku daktari alipomwambia amepona na aache matone, hakukuambia. Kwa wiki mbili zaidi alilalamika kuwa linawasha, kwa sababu aliupenda mkono wako kidevuni. Tangu uondoke, jambo hilo limemkosesha raha: alikudanganya, nawe ukiwa umechoka hoi.

Juzi alimweleza muuguzi mwenzako aliyekuja kutujulia hali. Mwenzako akaangua kicheko.

"Mzee, daktari alimwambia mkeo siku ileile kwamba umepona! Kichupa cha wiki zile mbili kilikuwa na maji ya chumvi ya hospitali tu. Nilimwona akikijaza mwenyewe."

Baba alicheka hadi akaishiwa pumzi, halafu akalia. Hatujawahi kumwona akilia vile. Tulitamani sana uwepo siku hiyo, Mama, kuliko siku zote.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, wifi yako, wajukuu na wenzako wote wa wodi ya macho. Hututoki moyoni, leo wala kesho.

Na Baba anasema tuandike na hili: "Kumbe na yeye alitaka mkono ubaki."