Kipengele Nilichomficha Wafula

Jumatano, Oktoba. Kitale.

Jua lilitoka mapema, lakini upande wa Mlima Elgon kumeshafunga na kabla ya saa tisa itanyesha. Nimehamisha kiti mara nne tangu nilipomaliza uji. Barazani kuna upepo, sebuleni kuna giza, uani kuku wananichosha. Hakuna mahali panaponikubali leo.

Wanaosoma ukurasa huu wananijua kwa jambo moja tu, maswali ya wastaafu. Nilikuwa karani, halafu ofisa, katika ofisi ya kodi hapa mjini kwa miaka thelathini na moja. Nilipostaafu, binti yangu Nekesa alinifungulia blogu hii ili nipunguze kumsimulia yeye habari za kazini. Nikaanza kuwajibu wazee wenzangu wa huku na huku mpakani mwa Kenya na Uganda: aliyefanya kazi Mbale na sasa anataka kurudi Bungoma, aliyefanya kazi Bungoma na kuoa Tororo. Nchi ipi itamtoza, kwa mapato yapi, akikaa siku ngapi.

Leo nataka kuandika habari zangu mwenyewe.

Asubuhi swali limeingia kutoka kwa mama mmoja, muuguzi mstaafu. Anasema amefanya kazi Uganda maisha yake yote na pensheni yake inatoka huko. Anauliza: akirudi nyumbani Webuye ajenge, Kenya itamkata kodi kwenye hiyo pensheni?

Ni swali fupi. Jibu lake nalijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Lakini vidole vilikataa kuandika, kwa sababu swali hilohilo, karibu kwa maneno hayohayo, niliulizwa miaka kumi na sita iliyopita na mdogo wangu Wafula. Tulikuwa tumekaa kwenye gogo nyuma ya nyumba ya mama, kijijini Naitiri. Nami sikumjibu inavyofaa.

Mama alituzaa wawili tu. Wafula alivuka mpaka akiwa kijana, akafundisha jiografia Mbale hadi akastaafu, kisha akataka kurudi. Baba alikuwa ameshafariki na kuacha ekari kumi na mbili ambazo hazijagawanywa. Mimi ndiye niliyekuwa nikizilima zote. Mahindi ya shamba lile yalisomesha watoto wangu. Siku ile Wafula alinionyesha kwa kidole mahali atakapojenga, karibu na mfereji, mlango ukielekea mlimani. Alikuwa na furaha ya mtoto. Mimi nilikuwa nikitazama mistari ya mahindi ambayo nyumba yake ingeifuta, na kufikiria ni mistari mingapi mingine angeidai baadaye.

Nikamweleza sheria. Nikasema ukijenga hapa utakuwa na makazi ya kudumu Kenya, na mwenye makazi ya kudumu akikanyaga nchi hii hata siku moja kwa mwaka, anahesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi. Usipojenga, chunga siku zako. Ukizidisha wastani wa siku mia moja ishirini na mbili kwa mwaka, katika miaka mitatu, utahesabiwa mkazi vilevile. Na siku ya kuvuka mpaka nayo ni siku.

Kila neno lilikuwa la kweli. Niliacha kipengele kimoja tu: kwamba pensheni inayotoka nje, kwa kazi iliyofanywa nje, haihesabiwi kuwa mapato ya Kenya, hata mzee mwenyewe akilala Naitiri mwaka mzima. Kipengele hicho nilikuwa nimewafundisha makarani wapya zaidi ya mara moja.

Wafula akauliza, "Kwa hiyo nikijenga, wananikata?"

Nikasema, "Mambo ya kodi usiyachezee, bwana."

Hilo ndilo jibu nililompa ndugu yangu.

Hakujenga. Alirudi Mbale akanunua daftari la shule, lile dogo lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaanza kuhesabu. Kila siku anayolala Kenya ni mstari mmoja wa kalamu, na mistari mitano anaifunga kama kuni. Kila Januari daftari jipya. Ni mwalimu, anapenda kanuni, na kanuni hii alikuwa amepewa na kaka yake mkubwa ambaye ni mtu wa ofisi. Angewezaje kuitilia shaka? Watu wa Naitiri walimcheka wakisema ati mwalimu anakuja kwao kwa tiketi. Mzee wa miaka sabini na kitu, hana nyumba kwa baba yake, akija analala kwangu kama mgeni.

Mimi nilicheka pamoja nao. Naandika hili nikiwa na aibu.

Halafu mama akaugua. Mwaka ule Wafula alimaliza sehemu kubwa ya siku zake kwenye benchi la hospitali ya misheni kule Lugulu, akimlisha mama kwa kijiko. Mimi nilikuwa nikipita Jumapili. Mama alifariki Novemba, tukamzika Jumamosi. Kwetu mtoto haondoki kabla ya siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya maziko, watu wanapoketi pamoja na waliofiwa wananyolewa nywele. Usiku wa maziko haukuwa umeingia, watu bado wanakula, Wafula akanivuta kando ya ghala na daftari lake mkononi.

"Karani," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipopata kazi. "Kesho zinaisha. Siku mbili tatu zikizidi, itakuwaje?"

Ningeweza kumwambia pale. Mama alikuwa hata siku moja hajaimaliza ardhini.

Nikamwambia, "Wewe ndiye unayelijua daftari lako."

Akaondoka Jumapili asubuhi kupitia mpaka wa Lwakhakha. Watu waliokuja kuketi nasi Jumanne walimuulizia. Mjomba mmoja akasema huyo sasa ni Mganda, mwacheni. Nilinyolewa peke yangu, na sikufungua mdomo kumtetea.

Sasa ni zamu yangu. Daktari amenieleza kwa upole kwamba moyo umechoka, na kwamba familia ikae karibu. Miguu inavimba, hatua kumi kwenda chooni ni safari. Mwaka huu Wafula amekuja mara tano kuniuguza. Ananinyoa ndevu, ananisomea magazeti, ananitukana nikikataa chakula. "Si umalize huo uji, Karani? Ukiumwaga, siku ya leo naiandika kwa daftari lako, si langu." Nekesa hucheka mpaka ashike ukuta.

Jana akatangaza kwamba anaondoka Jumamosi. Zimebaki siku nne. "Nitarudi Januari, zikianza upya. Wewe kula tu, tutaonana mwaka mpya." Nekesa aliniangalia, kisha akainamia sufuria. Daktari hakutaja Januari.

Ndiyo maana situlii. Uongo wangu wa miaka kumi na sita unamfungashia ndugu yangu begi, nami nitakufa akiwa Mbale, akichunga siku ambazo hakuna anayemdai.

Nimejiuliza tangu alfajiri: ninataka kusema kwa sababu nimemkosea, au kwa sababu naogopa kufa bila yeye? Kama angekuwa anakaa hadi mwisho kwa sababu nyingine yoyote, ningesema? Sina hakika. Naogopa kwamba nisingesema.

Sasa ni jioni, naendelea. Saa tano Nekesa alikwenda sokoni. Nikaandika jibu la yule muuguzi, lote, pamoja na kipengele chenyewe. Halafu nikamwita Wafula alisome, maana kila ninachoandika yeye hukisahihisha kwanza kama insha ya kidato cha pili. Akavaa miwani, akasimama nyuma ya kiti changu, akaanza kusoma kwa sauti.

Alipofika kwenye kipengele aliweka kidole kwenye mstari. Akarudia sentensi ile polepole. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Hii sheria imebadilika lini?"

Sikuwa nimelitarajia swali hilo. Alikuwa amenifungulia mlango bila kujua. Ningesema imebadilika mwaka jana, angeruka kwa furaha, angekaa, angenishika mkono hadi siku yangu, na angenizika akiniita kaka mwema. Neno moja tu. Nililionja mdomoni.

"Haijabadilika," nikasema. "Ilikuwa hivyo tangu kabla hujaniuliza. Nilijua. Nilitaka shamba."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivua miwani akaipangusa kwa shati, muda mrefu, hata baada ya kuwa safi.

"Wewe Karani," akasema mwishowe. "Nilivuka Lwakhakha na nywele zangu kichwani."

Shamba hakulitaja, wala nyumba. Akaenda kusimama getini, na mvua ilipoanza hakuingia ndani upesi. Nilimwona kupitia dirisha akilowa. Nilitaka kuinuka nimwite, miguu ikakataa, sauti nayo sikuwa na ujasiri wa kuitumia.

Nekesa aliporudi alimkuta jikoni amejifunika taulo. Nilimsikia akimwambia kwamba kesho anakwenda Naitiri, kwenye kaburi la mama. Nekesa akauliza, "Baba mdogo, utarudi kulala hapa?" Akajibu, "Acha nifike kwanza." Kutoka Naitiri anaweza kurudi Kitale, au anaweza kushika njia ya Lwakhakha na kwenda zake. Begi lake analipanga sasa, nasikia zipu.

Jibu la muuguzi nimelipeleka. Mama wa Webuye, kama unasoma hapa pia: hukatwi. Rudi nyumbani ujenge, na usimwulize ndugu anayelima shamba lenu. Uliza mtu asiye na faida katika jibu.

Na mahali pale karibu na mfereji, kama Wafula ataangalia kesho, atakuta mahindi yangu yamekauka yanangoja kuvunwa. Nimemwambia Nekesa kwamba mwaka huu yavunwe na yasipandwe tena pale. Ameniuliza sababu. Nimemwambia amuulize baba yake mdogo, nikaona hata hapo nimekwepa, nikamwita tena nikamweleza mwenyewe. Amelia kidogo. Bado hajaniletea chai.

Mvua imepungua. Nimehamisha kiti mara ya sita, hadi kwenye meza ya dawa zangu.

Daftari la Wafula liko hapa. Katika miaka yote hii sijawahi kuliona mbali naye. Hata akioga huliweka dirishani palepale. Nimelifungua. Mstari wa leo haujachorwa.

Ameliacha, au amelisahau?