Wageni wa Mtoni Wamefika, Yeyo

Yeyo, mama yangu,

Shikamoo. Hukujua kusoma, nami shule ya misheni niliiacha mapema nikaolewa, basi barua hii naiandika taratibu, halafu nitakusomea mwenyewe hapa migombani ulipolala. Ukisikia nimekwama, ujue ni machozi, siyo herufi.

Tangu ulipotutoka mambo yamegeuka. Nimejifungua mtoto wa kike, Nanyori, ana macho yako. Wadachi wamechimbia vigingi ukingoni mwa msitu, wanasema kuanzia pale kwenda juu ni mali ya serikali. Na ule ulezi ulioniachia kwenye kibuyu ndiyo mbegu pekee iliyobaki nyumbani.

Mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha, majirani wote walipanda. Mimi nikakataa. Nilikumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Hiyo inapita njia tu. Ngoja wageni waimbe." Mama mkwe akanicheka mbele za watu: "Haya, mke wa mwanangu, mwaka huu tutapika nyimbo!"

Jua likarudi, miche ya majirani ikakauka. Lakini na wale wageni wako, ndege wanaokuja na mvua ya kweli, nao hawakuja, Yeyo. Kila alfajiri nilimfunga Nanyori mgongoni nikashuka kwenye migunga ya mtoni, nikatazama juu mpaka shingo ikauma. Ukungu tu. Nikaanza kuogopa. Labda vigingi vimewafukuza. Labda nimeshikilia mbegu bure, na mwanangu atalala njaa kwa ukaidi wangu.

Leo asubuhi Mlima Meru haukuonekana kabisa, hata miguu yangu sikuiona vizuri. Nilitembea kama niko ndani ya usingizi. Ndipo nikasikia. Ule wimbo unaoanzia juu na kuteremka polepole, kama maji yanayotafuta njia kati ya mawe. Mmoja. Kisha mti mzima. Ukungu ukafunguka kidogo nikawaona, wadogo, kifua cha manjano iliyopauka, wanahangaika majanini kana kwamba hawajasafiri popote. Nilitaka kukuita. Kweli, mdomo ulishafunguka.

Nanyori akanyoosha kidole! Na wewe ulivyokuwa ukinichapa vidole: ndege mgeni huonyeshwa kwa kidevu, asije akadhani hatakiwi. Nikaufunika mkono wake haraka. Hawakuruka. Nadhani mtoto wamemsamehe.

Nilipopanda kurudi nyumbani nilimkuta mama mkwe amesimama mlangoni, sikio amelielekeza mtoni. Hakufanya mzaha. Alisema tu, "Leta majembe, binti yangu." Hajawahi kuniita hivyo.

Tumelima kutwa, yeye na mimi, mtoto kalala kivulini. Kesho tunapanda. Mvua itasemaje sijui. Mawingu yamekaa juu ya mlima, na moyo wangu umetulia.

Pumzika, Yeyo. Ulezi ukivunwa, uji wa kwanza nitakuja kuumimina hapa ulipo, kabla hajaonja mtu yeyote, hata Nanyori alie namna gani.

Mwanao,
mama Nanyori