Nguo Kumi za Kafara

Machi 4

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Miguu bado inavimba? Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika. Mama, mtoto hanyonyi. Anashika titi, analia, anaachia, na nesi anasema uzito unapungua. Wewe umelea sita, mimi hata sijui nimshikeje. Najua uliapa hutakanyaga nyumba yangu, eti kwa sababu mume wangu alisema mapazia uliyotushonea ni mafupi. Ameshajuta mpaka basi. Njoo.

Binti yako

Machi 7

Binti yangu,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyohiyo. Roho inaniuma kwa mjukuu wangu, lakini nilisema Wallahi, tena mbele ya watu. Jina la Mungu si la kuchezea. Na mapazia hayakuwa mafupi. Dirisha lenu ndilo refu.

Mama yako

Machi 10

Mama,

Shikamoo, natumaini umeamka salama. Nimemtuma mume wangu kwa imamu. Imamu kasema Mtume alitufundisha kwamba ukiapa, halafu ukaona jambo lililo bora kuliko kiapo chako, ulifanye hilo bora na utoe kafara. Unalisha maskini kumi au unawavisha. Asiyeweza ndiye anayefunga siku tatu. Tena unaweza kuja kwanza, kafara ikafuata. Sasa panda gari uje, jamani!

Binti yako

Machi 13

Binti yangu,

Marahaba. Sijambo, Alhamdulillahi, tena leo nimepumua. Mimi fundi cherehani, basi nitawavisha. Kitambaa nimeshakata na nguo mbili zimekamilika. Nikimvisha wa kumi, siku hiyohiyo nakuja. Kuingia nyumbani kwako kabla sijalipa, moyo wangu haukubali. Mtoto mwinue kichwa kidogo anaponyonya.

Mama yako

Machi 19

Mama,

Shikamoo. Hali yako siulizi, maana jirani yako keshaniambia: umefumua nguo ya nne kwa sababu kola imepinda. Kola, Mama! Mjukuu wako anakauka, wewe unafumua kola! Nimemwinua kichwa, nimemlaza ubavu, nimefanya yote, hanyonyi. Nimechoka kukubembeleza kama wewe ndiye mtoto. Wallahi, hata ukija sasa, mlango sikufungulii.

Mimi

Machi 20

Mwanangu,

Nimegonga mpaka mkono unaniuma. Namsikia mtoto analia, na wewe nakusikia unalia hapo nyuma ya mlango, usijifanye hupo. Karatasi hii naipitisha chini. Nguo zimefika nne, na hiyo ya nne kola bado imepinda. Nimeiacha hivyohivyo kwenye cherehani nikapanda gari. Sita zilizobaki nitashona nikirudi.

Sasa na wewe umeapa. Hasira hizo umezitoa wapi, sijui! Kafara yako nitakushonea mimi, nguo kumi nyingine, na kola zikipinda zipinde. Fungua, nimshike mtoto.

Mama yako