Swali la Kwanza kwa Mchuma Chai

Kwa mke mwenzangu Zaina,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Sindeni wazima, alhamdulillahi. Mume wetu, babu yako, goti linamsumbua, lakini mahindi kavuna na utani hajaacha.

Umeniuliza utafanyaje ukisahau maswali Jumanne, darasa lenu huko Mwanza litakapowatembelea wachuma chai wa Dindira kwa video, na wewe ndiye wa kuanza kuuliza. Mjukuu wangu, niliposoma hayo nikakumbuka yaliyonipata mimi.

Nilipokuwa darasa la tano tulipelekwa kiwanda cha mkonge, Korogwe. Mwalimu alinikaririsha swali refu la mambo ya biashara. Nilipofika mbele ya mama mmoja aliyekuwa anaanika nyuzi, lote likayeyuka. Wenzangu wakaanza, "Bubu huyo!" Nikatazama mikono yake, nikaropoka, "Shikamoo mama. Mikono haikuwashi?"

Akacheka. "Marahaba. Inawasha, mwanangu! Wageni wote huuliza habari za mashine tu."

Akaweka nyuzi chini, akatuonyesha viganja, akazungumza mpaka mwalimu akatuita mara tatu.

Mambo ya kamera siyajui, Zaina, wala siwezi kukuahidi kwamba hutasahau. Ila huyo mama wa Dindira utakayemuuliza naye atakuwa na hofu, darasa zima la wageni linamkodolea macho. Mtazame yeye.

Jumanne nitakaa kwenye mswala nikikuombea. Mkimaliza nipigie. Ukishindwa, ndiyo unipigie haraka zaidi.

Bibi yako,
Mwanaidi