Taa ya Vioo na Shavu la Papa

Dada Élodie, mboga ya sombe iko ku makala, angalia isiungue. Na usikunywe chai yangu.

Nimekimbia ku atelier ya mafundi na taa yangu ya vioo. Courant ya umeme imerudi! Mashine ya laser itanikatia kioo kimoja chenye kinabakia, na saa tisa juri ya mashindano itachagua taa moja tu ya kutuma Kinshasa.

~~Papa abakie ku nyumba.~~

Papa, ukuje! Jana uliita kazi yangu mchezo wa watoto, na iliniuma. Lakini asubuhi hii nilikukuta unajinyoa mbele ya vioo vya taa yangu, unacheka peke yako: "Kumbe muzee Évariste ni watu makumi mbili!" Ulipoenda kuchota maji, nikaibeba. Pole kwa shavu la kushoto lenye halijanyolewa. Ukuje vile uko, hata na sabuni.

Mutoto wako wa mwisho